Paka Mwenye Kifafa: Maswali Yenu Kuhusu Dawa

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinahusu paka wanaoshikwa na kifafa. Tumeziweka pamoja kwa sababu jibu la mmoja linamfaa mwingine, na kwa sababu makosa yanayojirudia ndani yake ni yale yale: dawa huongezwa mapema mno, husahaulika, au hukatishwa ghafla. Vipimo tulivyoviandika ni vya kukusaidia umwelewe daktari wa wanyama na ugundue pale panapoonekana kosa. Si vya kuanzisha tiba mwenyewe. Fenobabitali, ambayo itatajwa sana hapa, ni dawa ya kuzuia kifafa inayodhibitiwa kimataifa na hutolewa kwa cheti tu.

Paka wangu dume ana miaka 3. Mwezi huu ameshikwa mara mbili. Upande mmoja wa uso unachezacheza, mate yanamtoka, mboni zinapanuka, kisha anakimbia ovyo na kujigonga ukutani. Hakuanguka wala hakukakamaa. Je, hiki ni kifafa? Na ni lazima aanze dawa?

Huenda ndicho. Wengi wetu tukisikia kifafa tunafikiria mnyama aliyelala ubavu, kakakamaa, anapiga miguu na kujikojolea. Paka anaweza kufanya hivyo, lakini mara nyingi mshtuko wake unaanzia sehemu moja tu ya ubongo, na dalili zake ndizo hizo ulizoziandika: uso kucheza upande mmoja, mate, mboni kupanuka, mbio zisizo na mwelekeo, wakati mwingine kunguruma bila adui.

Mchukue video. Sekunde 40 za simu zinamfaa daktari kuliko maelezo ya nusu saa, kwa sababu kuna mambo matatu yanayofanana na kifafa: kuzirai kwa ugonjwa wa moyo, kizunguzungu cha sikio la ndani, na maumivu makali. Rekodi pia kinachofuata. Paka aliyezirai kwa sababu ya moyo huwa sawa baada ya muda mfupi sana. Aliyetoka kwenye kifafa huzubaa, hutembea kama haoni, huzungukazunguka chumba au hula kwa pupa, kwa dakika kadhaa hadi saa nyingi.

Kabla ya dawa ya kifafa ni lazima chanzo kitafutwe, maana kwa paka mshtuko mara nyingi ni dalili ya jambo jingine. Kifafa kisicho na chanzo kinachoonekana kwa kawaida huanza kati ya mwaka 1 na miaka 7, na paka huwa mzima kabisa katikati ya mishtuko. Paka wako yumo ndani ya umri huo, lakini bado apimwe sukari, chumvi za damu, ini, figo na hesabu kamili ya chembe za damu. Angekuwa mtoto tungeshuku mshipa wa damu unaolipita ini bila kusafishwa, hasa akiwa anatokwa na mate baada ya kula. Angekuwa mzee tungepima shinikizo la damu na kufikiria uvimbe kwenye utando wa ubongo. Mweleze daktari anakula nini: paka anayelishwa samaki mbichi kwa wiki nyingi anaweza kuishiwa vitamini B1, kwa kuwa baadhi ya samaki wana kimeng'enya kinachoiharibu. Paka huyo hukunja shingo kuelekea kifuani, hupepesuka, kisha hushikwa na mishtuko. Anachohitaji haraka ni vitamini hiyo kwa sindano, wala si dawa ya kifafa.

Kuhusu lini dawa ianze: mishtuko 2 au zaidi ndani ya miezi 6, au 2 ndani ya saa 24, au mmoja uliozidi dakika 5, au kukiwa na ugonjwa wa ubongo unaojulikana. Paka wako amefikia kigezo cha kwanza. Vipimo vya damu vikitoka bila kasoro, hatuoni sababu ya kusubiri mshtuko wa tatu.

Paka wangu ana kilo 4. Ameandikiwa fenobabitali robo ya kidonge cha miligramu 30, mara mbili kwa siku. Leo ni siku ya tano. Anapepesuka, anasinzia, anakula kuliko kawaida, na jana kaanguka kifafa tena. Niongeze iwe nusu?

Usiongeze. Barua hii tumeijibu kwa kirefu kwa sababu ndani yake mna karibu kila kitu ambacho mtu anapaswa kukijua kuhusu dawa hii.

Tuanze na hesabu. Dozi ya kuanzia kwa paka ni miligramu 1 hadi 2 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 12, ingawa madaktari wengine huanza juu kidogo ya hapo. Kilo 4 mara miligramu 2 ni miligramu 8. Robo ya kidonge cha 30 ni miligramu 7.5. Daktari wako hajakosea.

Sasa muda. Mwili wa paka huchukua takriban saa 40 hadi 50 kuipunguza fenobabitali iliyomo kwenye damu ifike nusu. Kwa kuwa unampa kila saa 12, dozi mpya inaikuta ya jana bado ipo, nayo inapanda juu yake, na hivyo hivyo hadi kinachoingia kilingane na kinachotoka. Kufika hapo ni kama wiki 2. Siku ya tano bado uko njiani. Ukiongeza leo, hutajua kama nafuu au sumu utakayoiona wiki ijayo imetokana na robo au na nusu.

Kusinzia na kupepesuka nako ni kwa muda. Ubongo huizoea dawa, na paka wengi huchangamka ndani ya wiki 2 hivi. Mpaka hapo mzuie kupanda juu ya makabati, maana kuanguka kutoka juu kunaweza kumvunja mfupa. Njaa, kiu na mkojo mwingi vinaweza kudumu. Pima chakula kwa kikombe kile kile na mpime uzito kila mwezi: paka akinenepa kutoka kilo 4 hadi 5, robo ile ile inampa kiasi kidogo kwa kila kilo, na mishtuko inaweza kurudi mtu akadhani dawa imechoka.

Wiki 2 zikitimia, apimwe kiwango cha dawa kwenye damu. Tunachotaka ni maikrogramu 15 hadi 45 kwa mililita, na wengi hutulia wakiwa kati ya 15 na 30. Mwombe mtu wa maabara atumie kichupa kisicho na jeli ya kutenganisha damu, kwa sababu jeli hiyo hunyonya sehemu ya fenobabitali na jibu linatoka chini ya ukweli. Kosa hili si dogo, maana daktari anaweza kuongeza dawa ambayo haikuhitajika. Chukueni damu saa ile ile kila mara, ikiwezekana kabla tu ya dozi, ili majibu yaweze kulinganishwa. Mkibadili dozi, hesabu wiki 2 upya na mpime tena. Akishatulia, kila miezi 6 inatosha.

Uamuzi wa kuongeza unatokana na vitu viwili kwa pamoja, kiwango na daftari la mishtuko. Kiwango ni 12 na paka anaanguka: dozi ipande. Kiwango ni 35 na bado anaanguka sana: hapo fenobabitali imefanya iliyoweza, na ni wakati wa kuongeza dawa ya pili, kwa kawaida levetirasetamu, au zonisamidi ya miligramu 5 hadi 10 kwa kilo mara moja kwa siku, ambayo huwatapisha paka wengine au kuwakatisha hamu ya kula. Kiwango ni 20 na paka ametulia: msiguse kitu, hata kama kitabu kinaruhusu kufika 45.

Wenye mbwa huogopa ini. Kwa paka madhara ya ini ni machache zaidi, lakini lipimwe. Kinachotutia hofu zaidi ni madhara adimu yasiyotegemea ukubwa wa dozi: chembe za damu kushuka, mitoki kuvimba, au uso kuwasha hadi anajichuna. Ukiona homa, fizi zilizopauka, madoa ya damu chini ya ngozi au vidonda vya kujikuna usoni, mpigie daktari siku hiyo hiyo. Hapo dawa hubadilishwa kwa usimamizi wake, nyingine ikiingia mara moja ili paka asibaki mtupu.

Kidonge kikigusa ulimi anatoa povu kama ameng'atwa na nyoka. Dawa ya maji ndiyo mbaya zaidi. Nimsagie kwenye chakula?

Povu linatokana na uchungu. Fenobabitali ni chungu mno, na dawa yake ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya watu mara nyingi ina pombe, jambo ambalo paka halivumilii. Lakini kusaga ndani ya bakuli zima la chakula ni kubahatisha: akiacha theluthi, amepata theluthi mbili ya dozi, na jioni hutajua umpe ngapi.

Tumia kapsuli tupu ya jelatini, ile ndogo kabisa yenye namba 5. Weka robo ya kidonge ndani, funga, paka siagi kidogo kwa nje. Mviringishe paka kwenye taulo, kichwa tu kibaki nje. Shika kichwa kwa juu, nyuma ya mashavu, kiinue pua iangalie dari. Taya la chini litalegea lenyewe. Kwa kidole cha kati cha mkono mwingine bonyeza meno madogo ya mbele ya chini, dondosha kapsuli kwenye shina la ulimi, si katikati ya ulimi, kisha funga mdomo na sugua koo taratibu. Akijilamba pua, amemeza.

Usiishie hapo. Kidonge kikavu huweza kukwama kwenye umio wa paka kwa dakika nyingi na kuuchoma. Mfuatishie mililita 5 za maji kwa bomba lisilo na sindano, kupitia pembeni mwa mdomo, kidogo kidogo, au kijiko kimoja cha chakula laini. Njia nyingine nzuri ni donge dogo la chakula anachokipenda kupita vyote, kiasi cha kunde moja, apewe akiwa na njaa kabla ya mlo. Mpe kwanza donge tupu, la pili lenye dawa, la tatu tupu.

Akitapika na ukakiona kidonge kizima, mpe kingine. Usipokiona, ngoja dozi inayofuata. Ile jeli ya kupaka ndani ya sikio inavutia kwa urahisi wake, lakini kiasi kinachopenya ngozi hutofautiana sana kati ya paka na paka. Mtu akilazimika kuitumia avae glavu, na damu ipimwe mara nyingi zaidi.

Mbwa wetu anatumia potasiamu bromidi na amepona kabisa. Jirani naye ana Valium. Naweza kumgawia paka?

Hapana, zote mbili. Potasiamu bromidi inawaletea paka wengi uvimbe wa njia za hewa wenye kikohozi kama cha pumu, na baadhi wamekufa nao. Diazepamu, yaani hiyo Valium, ikitolewa kwa mdomo siku hadi siku inaweza kuliua ini la paka ndani ya siku chache, hata kwa dozi ya kawaida, na hakuna kipimo kinachotabiri ni paka yupi atapatwa. Daktari anaweza kuitumia mara moja kwa dharura. Hilo ni jambo tofauti, na tumelieleza chini.

Paka jike wa miaka 15 hushtuka mwili mzima kijiko kikigonga bakuli au karatasi ya alumini ikikunjwa. Mlio ukiendelea, huanguka na kupiga miguu. Fenobabitali haijasaidia sana.

Umeueleza vizuri ugonjwa unaojulikana, kifafa kinachoamshwa na sauti. Huwapata zaidi paka wazee, na uzao wa Birman umo sana miongoni mwao. Milio myembamba na mikali ndiyo inayoudhi: funguo, glasi kugongana, kijiko cha chuma kwenye chombo cha udongo, mfuko wa plastiki. Ajabu ni kwamba baadhi ya paka hawa masikio yao yamekwisha kufifia kwa sauti za kawaida, na mwenye paka husema hawezi kuwa anasikia.

Dawa inayofaa hapa ni levetirasetamu, nayo hushinda fenobabitali waziwazi katika kuzuia ile mishtuko midogo ya mwili inayotangulia kuanguka. Dozi ni miligramu 20 kwa kilo kila baada ya saa 8. Paka wa kilo 4 anahitaji miligramu 80, yaani mililita 0.8 za dawa ya maji yenye miligramu 100 kwa mililita. Ya maji ni sahihi kuliko kukata theluthi ya kidonge cha 250. Saa 8 hapa maana yake ni saa 8 kweli, kwa kuwa dawa hii hupungua nusu ndani ya saa 3 tu. Ukimpa asubuhi na jioni peke yake, sehemu kubwa ya usiku anabaki hana kinga.

Vipo vidonge vinavyotoa dawa polepole, hupewa mara moja kwa siku, lakini havikatwi wala kusagwa, kwani ukivikata dawa yote hutoka kwa mpigo. Na kwa kuwa levetirasetamu hutolewa na figo, paka wa miaka 15 apimwe figo kwanza. Zikiwa zimechoka, daktari atapunguza dozi. Usimbadilishie kwa siku moja: levetirasetamu iingie, kisha fenobabitali ipunguzwe kwa hatua. Wakati huo badilisha bakuli na vijiko viwe vya plastiki. Hatua hiyo ndogo humpunguzia mateso mengi.

Anapoanguka nifanye nini? Nilijaribu kumshika ulimi akaning'ata.

Paka hamezi ulimi wake. Usitie kidole, kijiko wala maji mdomoni. Angalia saa kwanza, maana dakika moja ya kifafa huonekana kama kumi kwa anayetazama. Sogeza vitu vigumu, weka taulo chini ya kichwa, zima taa na redio, ondoa wanyama wengine. Akishatulia mwache kwenye chumba chenye giza kidogo, na asipewe chakula wala kidonge mpaka atembee vizuri na kumeza kawaida.

Mshtuko ukifika dakika 5, au akishikwa tena kabla hajapata fahamu, hiyo ni dharura. Mwili unaotukutika hivyo hupanda joto haraka, na ubongo huumia. Lowesha nyayo na masikio kwa maji ya kawaida, si ya barafu, na muwe tayari njiani. Paka mwenye kisukari anayechomwa insulini apakwe asali kwenye fizi, kidogo, mkiwa mnaelekea kwa daktari, kwani yamkini sukari imeshuka.

Kwa paka ambaye mishtuko yake huja kwa mfululizo, mwombe daktari dawa ya dharura ya kuweka nyumbani: midazolamu ya kudondoshea puani, takriban miligramu 0.2 kwa kilo, au diazepamu ya kuingizwa kwenye njia ya haja kubwa, miligramu 0.5 hadi 1 kwa kilo. Diazepamu isihifadhiwe ndani ya bomba la plastiki, kwa sababu plastiki huinyonya. Ikae kwenye chupa yake ya glasi, mbali na mwanga, ivutwe wakati wa kutumika. Akuonyeshe kwa mikono yake kabla hujaondoka.

Nilimpaka dawa ya viroboto ya mbwa. Saa chache baadaye anatetemeka mwili mzima. Ni kifafa?

Ni sumu. Angalia kwenye pakiti, bila shaka utakuta pemethrini, sumu ya kuulia wadudu. Ini la paka haliwezi kuivunja. Mwoshe sasa hivi kwa sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na maji ya vuguvugu, si ya moto, mkaushe asipate baridi, na umpeleke akiwa na pakiti hiyo. Akiwa tayari ameshikwa na mishtuko, usipoteze muda kumwosha, mpeleke. Wengi hupona kabisa wakiwahiwa, bila kuhitaji dawa ya kifafa baadaye.

Nikisahau dozi?

Fenobabitali: mpe mara tu ukumbukapo, na inayofuata ibaki kwa saa yake kama bado kuna nafasi ya kutosha, angalau saa 6; la sivyo icheleweshwe. Usimpe mbili kwa pamoja. Levetirasetamu: mpe mara moja, kisha hesabu saa 8 upya. Nunua kopo jipya lililopo likibakiza dozi za siku 10. Kuishiwa dawa mwishoni mwa wiki ni sababu kubwa ya paka kufikishwa kwa daktari akiwa katika mshtuko usiokatika.

Ametimiza mwaka na nusu bila kuanguka hata mara moja. Dawa ni robo ya kidonge cha 30 asubuhi na jioni. Naweza kuacha?

Kuacha ghafla, kamwe. Ubongo uliozoea kutulizwa na fenobabitali hulipuka dawa ikiondoka, hata kwa paka ambaye kifafa chake kilikuwa kimekwisha kabisa. Kupunguza kunawezekana baada ya angalau mwaka 1 bila mshtuko. Madaktari wengi hutaka 2, nasi tunakubaliana nao kama mishtuko ya mwanzo ilikuwa mizito au ya mfululizo. Paka mwenye uvimbe au kovu la ubongo aendelee na dawa.

Njia ya kawaida ni kuondoa robo ya dozi ya awali kila mwezi: miligramu 7.5, kisha 5.6, 3.8, 1.9, halafu basi. Utaona tatizo: hakuna kisu kitakachotoa miligramu 5.6 kwenye kidonge cha 30. Mwombe mfamasia anayechanganya dawa akutengenezee ya maji isiyo na pombe, yenye nguvu ndogo, mfano miligramu 5 kwa mililita, upime kwa bomba la mililita 1. Punguza asubuhi na jioni sawasawa. Usifute dozi moja ya siku ukaacha nyingine. Chagua miezi ambayo hutasafiri na ambayo mtu yupo nyumbani usiku.

Akishikwa hata mara moja, rudi kwenye hatua iliyotangulia siku hiyo hiyo na umpigie daktari. Mjue pia, kabla hamjaanza, kwamba baadhi ya paka wakirudia kuanguka huhitaji dozi kubwa kuliko ya kwanza. Kama anakula, anacheza, damu yake haina kasoro na robo hiyo haimsumbui, kuendelea nayo ni uamuzi halali.